Nondo zimelala, zege halilali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Najua barua mnazitaka fupi, nami nimejaribu, lakini jambo lenyewe lina uzito wa mifuko kadhaa ya saruji na siwezi kulibeba kwa mkono mmoja.

Wiki mbili zilizopita mlichapisha, kwenye ukurasa wa ajira, makala ya kuwafunda vijana wanaoanza kazi. Mengi niliyakubali: kuwahi, kuvaa vizuri, kuacha simu mfukoni. Shauri la nne ndilo lililonifanya nivue miwani. Lilisema mfanyakazi mwenye busara habishani na mkubwa wake, na akiona jambo haliendi sawa ni heri anyamaze, kwani mkubwa ana sababu zake. Mke wangu akaniuliza kwa nini natikisa kichwa peke yangu kibarazani. Nikamwambia, "Huyu mwandishi hajawahi kumwaga zege."

Mimi nimemwaga. Nilianza kama saidia fundi hapa hapa Tanga mwaka 1983, nikawa mwashi, nikawa fomeni, nikastaafu mwaka 2021. Ninalotaka kulisimulia lilitokea Dodoma mwaka 2018, wakati mji ule ulikuwa unajengwa kila kona baada ya Serikali kuhamia. Kampuni siitaji, maana kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Tulikuwa na nyumba ya ghorofa, na siku hiyo ni siku ya kumwaga slabu ya juu. Kwa mbele michoro ilikuwa na balkoni (watu wa pwani tunasema roshani, lakini saiti ukisema roshani wanakucheka) iliyotoka nje mita moja na nusu, urefu wake mita sita. Asiyewahi kuwa saiti siku ya zege ni vigumu kumweleza. Mashine ya kuchanganyia ni ya kukodi na inahesabiwa kwa siku. Boza la maji limeshalipwa. Vibarua thelathini wamesimama na ndoo tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na hesabu yake ya jioni. Siku ile fomeni haongei, anafoka. Na kuna msemo ambao hata wanasiasa wameuchukua sasa: zege halilali. Maana yake ni ya kweli kabisa. Maji yakishaingia kwenye saruji huwezi kusema tutamalizia kesho. Hakuna kwenda nyumbani mpaka liishe.

Saa mbili kasorobo, karai la kwanza halijapanda, akaja kijana mmoja wa Kondoa. Alikuwa msaidizi wa fundi nondo, ana siku tatu tu pale. Akanipa shikamoo, nikaitikia bila kumtazama. Akasema, "Fomeni, nondo za balkoni zimelala. Jana nilizifunga zikiwa juu. Zimekanyagwa."

Sentensi tatu. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Hakupayuka, hakumlaumu mtu, na wala hakunionyesha kwamba mimi sijui kazi. Alisema kitu gani kiko wapi, na kilikuwa wapi jana.

Nami nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka chini kwenye mashine: "Zege halilali, wewe unaniletea habari za nondo kulala! Umekuja kufanya kazi au kusoma ripoti ya usingizi?"

Saiti nzima ikacheka. Kusema kweli hata mimi niliona nimepatia. Kijana akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeaibika, akainama, akachukua ndoo yake. Tukamwaga mpaka saa kumi na moja jioni, tukala wali maharage, tukaenda kulala.

Sasa niwaeleze wasomaji wasio mafundi kilichokuwa kibaya. Zege ni kitu kigumu sana ukilikandamiza, lakini ukilivuta ni dhaifu kama biskuti. Ndiyo maana tunaweka chuma: chuma ndicho kinachobeba mvuto. Slabu ya kawaida inayokaa kati ya boriti mbili huelemewa katikati, tumbo lake ndilo linalovutika, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini. Balkoni ni kinyume. Balkoni ni mkono ulionyooshwa, umeshikwa upande mmoja tu. Chukua mkate wa boflo, uweke nusu yake juu ya meza, nusu itoke nje ya ukingo. Bana ile ya mezani kwa kiganja, kisha bonyeza ile ya nje kwenda chini. Angalia utachanika wapi. Utachanika juu, pale kwenye ukingo wa meza. Basi nondo za balkoni lazima zikae juu, na zirudi ndani ya slabu kwa kina cha kutosha. Zikiwa chini ni sawa na kumvalisha mtu kofia mguuni.

Na zilishukaje? Nondo za juu hushikiliwa na vile vijimiguu vya chuma tunavyoviita viti. Kiti hukatwa kutoka kwenye nondo, na nondo ni hela. Juma lile nilikuwa nimesema tusikate viti vingi, tuegeshe mawe. Watu thelathini wakipita na ndoo juu ya chuma kilichoegeshwa kwenye mawe, mawe yanateleza, chuma kinashuka. Kwa hiyo Ndugu Mhariri, kijana alikuwa ameniletea kosa langu mwenyewe mkononi, mapema, bure, wakati dawa yake ilikuwa viti ishirini na nusu saa ya kuvipachika.

Mbao za slabu tulizivua baada ya siku kumi na nne. Balkoni, kwa bahati, niliamuru ikae siku ishirini na moja. Siku ya kutoa mirunda, ile miti inayoegemeza zege kwa chini, mimi nilikuwa juu, vijana wawili chini. Mirunda ya balkoni huanza kutolewa ncha ya nje kurudi ndani. Walitoa safu ya kwanza. Walipoanza kugonga ya pili, nilisikia kabla sijaona. Si mshindo. Ni kama mtu anavunja kijiti kikavu ndani ya mfuko. Kisha ufa ukafunguka mbele ya viatu vyangu, mstari ulionyooka kandokando ya boriti, kana kwamba umepigwa kwa rula, na ncha ya nje ikainama kama vidole vinne. Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Safu ya mwisho ya mirunda ikashika. Vijana wakatoka mbio, mmoja kapoteza ndala.

Mmoja wao alikuwa yule wa Kondoa.

Hakuumia mtu. Injinia alikuja, akatazama, hakunitukana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akasema bomoa. Siku nne za nyundo la kilo saba, tukafukua mpaka ndani ya slabu ili kupata pa kuungia chuma kipya. Tulipofumua nikapima mwenyewe kwa futi: nondo za milimita 12, zilizotakiwa kuwa sentimita mbili na nusu kutoka juu, zilikuwa sentimita mbili na nusu kutoka chini. Zimelala fofofo. Nusu ya mshahara wangu wa mwezi ule ilikatwa na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja siku mbili baadaye, kwenye benchi la mama ntilie. Nilimwita yule kijana, nikamwagizia chai na chapati mbili, nikamwuliza kitu ambacho mkosaji yeyote huuliza ili apunguziwe: kwa nini hukusisitiza? Kwa nini hukuja mara ya pili, hukunivuta pembeni?

Akatafuna, akameza. Akasema, "Fomeni, nilikuwa na siku tatu pale. Nilikuwa nataka ya nne."

Kibarua analipwa kwa siku, na jioni hiyo hiyo fomeni ndiye anayesema nani arudi kesho. Elfu kumi na mbili ya siku ya nne ilikuwa mkononi mwangu, na tulikuwa tunalijua hilo wote wawili. Makala yenu inamwambia kijana huyu anyamaze kwa busara. Ndugu yangu, kunyamaza hahitaji kufundishwa. Njaa imeshamfundisha. Mwenye kuhitaji somo ni mimi niliyekuwa nimeshika daftari la mahudhurio.

Baadaye fundi mkuu wa nondo, mtu mzima mwenzangu, tuliyefanya kazi pamoja miaka sita, aliniambia kwamba na yeye aliziona. Nikamaka. "Na wewe ukanyamaza?" Akasema, "Ningesemaje na wewe umeshachekesha watu?" Hapo ndipo nilipojua bei ya mzaha wangu. Nilidhani nimemnyamazisha mmoja, kumbe nimewanyamazisha wote waliokuwa juu ya ile slabu, hata wale ambao siwezi kuwafukuza.

Tuna methali tunayoipenda sana sisi wasimamizi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeitumia nisiweze kuhesabu. Siku ile tulimsikia mkuu, wote, kwa utii mkubwa, na guu nusura livunjike, tena la mtu aliyeonya. Ipo nyingine ambayo hatuipendi kiasi hicho, mkubwa ni jalala, na ile tunaikumbuka kwenye ndoa na misiba tu, si kazini.

Halafu tazameni maneno yetu yenyewe. Mtu anayeuliza kazini tunamwita nani? Mbishi. Mjuaji. Ana kiherehere. Ana kimbelembele. Anajifanya injinia. Nimekaa nikatafuta neno moja la kumsifu mtu aliyemwambia mkubwa wake "hapana, hapa pana kasoro", neno la kawaida la mtaani, si la hotuba, na sijalipata. Lakini yule anayeitikia "ndiyo mzee" siku nzima tunamwita mtiifu, ana adabu, analea kazi. Lugha yetu ni tajiri, ila kwenye jambo hili tumeipeleka upande mmoja, kama balkoni yangu.

Mtaniambia hiyo ni habari ya balkoni moja ya Dodoma. Sawa. Machi 29, 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Watu 36 walikufa. Wakati ule maofisa walieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Wengi walijadili vibali, rushwa, kokoto na mchanga, na ni sawa wajadili. Mimi nilibaki na hesabu ya kifomeni. Ghorofa sita za ziada hazioti usiku. Kila moja ina siku yake ya zege, na kila siku ya zege ina watu ishirini, thelathini, wamesimama juu yake na ndoo. Hiyo ni mara sita. Kuhesabu mpaka kumi hakuhitaji shahada.

Na si kwetu tu. Niliwahi kuona kwenye televisheni habari za duka kubwa la Sampoong, mjini Seoul, Korea Kusini. Mkandarasi wa kwanza alipotakiwa kubadili jengo alikataa. Aliondolewa, mwenye mali akaingiza kampuni yake mwenyewe, nguzo zikapunguzwa unene, ghorofa ya tano ikaongezwa juu. Juni 29, 1995, nyufa zilikuwa zinaonekana tangu asubuhi. Wakubwa wakakaa kikao. Wakafunga ghorofa ya juu, duka likaendelea kuuza. Jioni likashuka, watu 502 wakafa. Kwa hiyo pale mtu wa kusema hapana alikuwepo. Alisema, akapewa barua, akatafutwa wa kusema ndiyo. Wa kusema ndiyo hapotei kamwe, Ndugu Mhariri. Ukimhitaji saa nane usiku utampata.

Baada ya Dodoma nilibadilika, ila si kwa siku moja. Kwanza nilijaribu njia ya kizembe: kila asubuhi ya zege nikawa nauliza, "Jamani, kuna swali?" Jibu mnalijua. "Hakuna, fomeni." Wanaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la pili. Kwenye karatasi tulikuwa hata na mwakilishi wa usalama, kama sheria inavyotaka. Alikuwa mtunza stoo, alichaguliwa kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Siku moja, kwa kuchoka tu, nikabadilisha swali. Tulikuwa juu ya mbao na chuma kimeshatandazwa. Nikawaambia, "Leo ukiambiwa ulale chini ya dari hili, ungetandika mkeka wako wapi? Na wapi usingetandika?" Wakacheka, na safari hii walicheka na mimi. Kisha dada mmoja wa ndoo akanyoosha kidole kwenye kona ya ngazi. "Pale mimi silali." Kwa nini? Hakujua kueleza. Tukaenda kutazama. Mrunda mmoja ulikuwa umesimama juu ya udongo uliolowa, umezama vidole viwili. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alikuwa amepita pale mara kumi na maji yake na mguu wake umeona.

Tangu hapo ikawa desturi. Dakika kumi, mkeka wako wapi. Anaanza mgeni kuliko wote, wanafuata saidia fundi, mafundi, mimi wa mwisho. Hilo la mkubwa kusema mwisho sikulitoa kwenye kitabu cha uongozi. Nililiona kwa babu yangu Pangani, kwenye vikao vya ukoo. Mzee akitangulia kusema, kikao kimekwisha, waliobaki wanatia chumvi tu.

Sitaki mfikiri kila aliyenyoosha kidole alikuwa sahihi. Kijana mmoja, mwaka 2020, alishikilia kwamba saruji ya lori lililoingia imeganda. Alikuwa mkali kweli. Tukafungua mifuko sita, ikawa laini kama unga wa sembe. Nusu saa imepotea, mashine inaunguruma bure, bosi kapiga simu kuuliza kulikoni. Nikamwambia kijana ahsante, na mchana nikamnunulia soda kama wengine walionyoosha kidole. Bosi alinisema: unanunuaje soda kwa anayechelewesha kazi? Nikamweleza kwamba hiyo nusu saa ndiyo bei yenyewe. Ukitaka ile siku ya nondo kulala uambiwe, lazima ulipie na siku ya saruji nzima. Hakunielewa vizuri, lakini hakunifukuza.

Na mimi mwenyewe nimepingwa nikashindwa, tena na mtoto. Mwaka mmoja baada ya ile balkoni tuliletewa injinia wa miaka 26. Mafundi wetu hupenda zege lenye maji mengi, linatiririka lenyewe, halichoshi mgongo. Yeye akakataza kuongeza hata ndoo. Nikamwambia, mbele za watu, kwamba zege zito halifiki kwenye kona, litaacha matundu, nami nimefanya kazi hii kabla mama yake hajaolewa. Angeweza kuniambia yeye ndiye injinia. Angeweza pia, kwa heshima ya mvi zangu, kusema "haya mzee" na kuacha niharibu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasema, "Mzee, tupime." Tukajaza kyubu, vile vipande vya mraba vya sentimita 15, vitatu vya kwangu na vitatu vya kwake. Kwa msumari tukaandika M kwa mzee na I kwa injinia, tukavizamisha kwenye pipa la maji. Mafundi wakawekeana dau la soda. Viliposagwa maabara, baada ya siku saba na tena siku ya ishirini na nane, vyangu vilipasuka kwanza mara zote mbili. Na kuhusu zile kona, nilikuwa sahihi nusu: zege zito linafika, ila lazima vaibreta, ile mashine ya kulitikisa zege lishuke, ifanye kazi yake na fundi asiione uvivu kuishusha. Hakunicheka. Angenicheka ningemchukia mpaka leo. Aliniomba nimfundishe kusoma udongo wa Dodoma kwa kuufinyanga mkononi, nikamfundisha.

Sasa kuna aina moja ya mpinzani ambaye hata mimi simtaki, na hapa nakubaliana na mwandishi wenu nusu. Ni yule wa "mimi nilijua". Siku ya zege yupo, anatazama, kimya. Ufa ukitokea ndiye wa kwanza kufika: "Mimi nilijua tu, niliona siku ile." Ana historia nzima ya makosa ya wenzake na hajawahi kuzuia hata moja. Binamu yake ni yule anayepinga kwa mama ntilie, sauti juu, mkono na kijiko hewani, lakini mkirudi saiti ukimwuliza anatazama viatu. Hawa si wabishi, Ndugu Mhariri. Wabishi wangekuwa na faida.

Kwa vijana waliosoma ile makala, mimi nitasema ninachokijua kwenye zege tu, wa ofisini watapima wenyewe. Semeni kabla maji hayajaingia kwenye saruji. Yakishaingia mnagombana, hamrekebishi. Msianze na "fomeni umekosea". Anzeni na nondo ziko wapi na zilipaswa kuwa wapi. Mkiwa na futi, njooni na futi. Na kama mkubwa amewacheka mbele za watu, mrudieni mara moja zaidi akiwa peke yake, anakunywa maji. Mimi ningerudiwa na yule kijana nikiwa peke yangu kwenye pipa la maji, nadhani ningeshuka naye kutazama. Nadhani. Siwezi kuapa, maana nilikuwa mtu mwenye haraka.

Wakubwa wenzangu nawaachia lile daftari la mahudhurio walitazame.

Yule kijana wa Kondoa alipata siku yake ya nne, na nyingi baada yake. Mwaka uliofuata nilimpa genge lake la nondo. Siku hizi ni fundi mkuu Singida, ana watu wanane chini yake, na mara moja moja hunipigia simu kunilalamikia kwamba vijana wa leo wana maswali mengi. Namwacha aseme mpaka salio liishe.

Mwaka juzi nilipita Dodoma kwenye harusi ya mpwa wangu. Kabla ya kwenda stendi nikamwambia bodaboda anipitishe kwenye ile nyumba. Ina wapangaji sasa. Balkoni ipo, imepakwa rangi ya maziwa, wameanika mashuka ya watoto na kuweka ndoo mbili za maua. Nikashuka, nikaenda nikasimama chini yake kabisa, katikati. Bodaboda akauliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nikamwambia asubiri kidogo. Nikatazama juu kwenye ule mstari wa boriti mpaka shingo ikauma, kisha nikapanda pikipiki tukaenda zetu.

Wako msomaji,
Fomeni mstaafu,
Ngamiani, Tanga